Gari la Matroni na Saini Niliyoikata

Siku ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilifika karakana ya serikali mjini Mtwara saa moja kasoro robo asubuhi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa nimevaa suruali iliyopigwa pasi. Msimamizi wa Karakana alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu. Alikuwa mtu wa Tanga, mrefu, mwenye sauti ndogo, na katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikumsikia akiipandisha. Alininyooshea kidole kwenye gari dogo lililoegeshwa kwenye kivuli cha ghala.

"Ingia chini ya lile gari," akasema. "Ukitoka uniambie limetoka wapi."

Nikaingia na suruali yangu ya pasi. Nilipotoka nilimwambia limetoka Newala, kwa sababu sakafu yake ilikuwa imejaa udongo mwekundu.

"Huo ni wa jana. Chini ya huo udongo mwekundu kuna nini?"

Nikarudi, nikakwangua kwa ukucha. Chini ya udongo mwekundu palikuwa na mchanga mweupe ulioshikana na grisi, na chini ya mchanga palikuwa na kutu iliyoanza kuchambuka kama magamba. Nikamwambia gari limekaa pwani muda mrefu, pengine Msimbati, na Newala limepita tu.

"Sasa nenda ukabadili nguo," akasema. "Umeanza kazi."

Ninaandika haya kwa ajili ya mafundi vijana ambao leo huchomeka kifaa chini ya dashibodi na kusomewa ugonjwa wa gari. Sina ugomvi na kifaa hicho, nami nimekitumia. Ninachotaka kueleza ni jinsi tulivyoliandaa gari dogo la zamani kwa safari ndefu wakati ambapo kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam lilikuwa jambo la kuagwa.

Barabara yenyewe kwanza. Ukipita Mikindani na Mingoyo ulianza kuhesabu mashimo, baadaye ukaacha kuhesabu. Mbele ya Nangurukuru palikuwa na mchanga wa kuzama, halafu udongo mweusi ambao wakati wa mvua uliyashika malori siku nyingi, kisha Mto Rufiji, ambao tuliuvuka kwa pantoni, na pantoni ikiharibika watu walilala ukingoni. Kiangazi, gari dogo likienda vizuri, lilifika Dar es Salaam siku ya pili. Masika halikwenda kabisa.

Waliosafiri kwa magari madogo wengi walikuwa watumishi wa serikali kutoka mikoa mingine: walimu, wauguzi, makarani wa bandari, watu wa Moshi, Mbeya na Bukoba waliopangiwa kazi kusini wakakaa miaka. Walinunua magari yaliyokwisha kutumika sana, wakayatumia kwenda kazini na kanisani, na mara moja kwa miaka kadhaa, likizo inapofika, walitaka kuyapeleka kwao. Kwa kibali cha Msimamizi waliruhusiwa kuyaleta karakana siku za Jumamosi. Sisi wenyeji, na mimi ni wa Mikindani, tuliwashangaa. Safari ya aina hiyo sisi tuliifanya kwa basi au kwa meli.

Kila gari la safari liliandikwa katika daftari kubwa lenye jalada jeusi lililoitwa Daftari la Safari. Msimamizi alilipiga mistari mwenyewe kwa rula: namba ya gari, mwenye gari, kilichokutwa, kilichofanyika, na mwisho kabisa maneno "tayari kwa safari" na nafasi ya saini ya fundi. Saini moja tu. Si ya Msimamizi, si ya mwenye gari. Gari likirudi limevutwa kwa kamba, hakuna aliyeuliza ni la nani. Waliuliza saini ni ya nani.

Mimi niliishia darasa la saba. Umakanika nilijifunza kwa kushika na kwa kusoma. Karakana ilikuwa na kabati la vitabu vya matengenezo, vyote vya Kiingereza, ambavyo hakuna aliyevifungua kwa sababu vilikuwa na vumbi na kwa sababu vilikuwa vya Kiingereza. Nilinunua kamusi. Kila jioni baada ya kazi nilinakili kurasa mbili katika madaftari yangu, mchoro upande wa kushoto na maelezo yangu ya Kiswahili upande wa kulia. Katika mwaka wa nne nilikuwa na madaftari kumi na moja. Fundi mwenzangu Chilumba, Mmakonde wa Nanyamba aliyeweza kutambua beringi iliyochoka kwa kushika usukani tu, alinicheka bila kuchoka.

"Issa, gari likikwama Somanga utalisomea?"

"Nitalisomea wewe ukilisukuma," nilimjibu.

Taratibu zetu zilikuwa hivi. Gari lilikaa juu ya magogo manne, magurudumu yakatolewa, beringi zikaoshwa kwa mafuta ya taa na kupakwa grisi mpya. Mipira yote ya maji ilibonyezwa kwa vidole, na uliokuwa mgumu ulitupwa hata kama hauvuji. Rejeta ilifunguliwa na kusafishwa, kwa sababu visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi na chumvi huziba vijibomba vya rejeta kama inavyoganda ndani ya sufuria. Tulijaza maji ya mvua, tuliyoyakinga kwenye mapipa tangu masika, na aliyenawa mikono kwa maji hayo alikemewa. Platini, yaani vile vibati viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche, zilisuguliwa na kupimwa nafasi yake. Mkanda wa feni ulibadilishwa hata kama ni mzima, na ule wa zamani ukawekwa ndani ya mfuko wa safari pamoja na waya, platini za akiba, viraka vya tyubu na kipande cha sabuni ya kufulia cha kuzibia tangi la petroli likitobolewa na jiwe. Mwisho, fundi aliyefanya kazi alipanda gari hilo pamoja na Msimamizi hadi Kilambo, kwenye ukingo wa Ruvuma, na kurudi. Njia ya Kilambo ilikuwa mbaya vya kutosha. Tulifika, tukazima injini, tukaangalia chini kama kuna tone, huku watu waliokuwa wakingoja kuvuka kwenda Msumbiji wakitutazama tulivyolala kifudifudi, kisha tukageuza.

Katika mwaka wa tano ndipo lilipokuja gari la Matroni.

Matroni Aikaruwa, mkuu wa wauguzi, alikuwa mtu wa Moshi aliyefanya kazi Mtwara zaidi ya miaka ishirini. Sidhani kulikuwa na ukoo mjini ambao hakuwa amempokea mtoto wao mmoja. Kifungua mimba wangu alipokewa naye. Mume wake alikuwa amefariki, na binti yake alikuwa akifunga ndoa huko Moshi Jumamosi moja, wiki mbili na nusu mbele. Kwa kuwa baba hayupo, mama ndiye aliyekuwa wa kumwingiza bibi harusi kanisani. Wakati huohuo alikuwa anastaafu. Alitaka kwenda moja kwa moja, na alitaka kwenda kwa gari lake, gari dogo la rangi ya maziwa lililokaa miaka kumi na mitano kwenye upepo wa bahari pale Shangani.

"Kaka zangu wananiandikia niliuze, nipande basi," alimwambia Msimamizi mbele yangu. "Wanasema gari hilo halitafika. Mimi sibishani nao. Nataka tu walione limesimama mlangoni kwao."

Alipanga kuondoka Jumanne. Siku mbili hadi Dar es Salaam, siku ya tatu Moshi, na siku moja ya akiba kama pantoni itagoma. Jumamosi ni kanisa.

Msimamizi alinipa mimi kazi hiyo. Nilijua maana yake. Jumanne hiyohiyo alikuwa apeleke barua kwa Mhandisi wa Mkoa yenye jina la fundi mmoja wa kupandishwa daraja la kwanza, na karakana nzima ilijua kuwa anachagua kati yangu na Chilumba. Chilumba alikuwa na mikono. Mimi nilikuwa na madaftari.

Nililitengeneza gari lile kwa wiki moja na nusu. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu zaidi. Kilichokuwa kibaya kuliko vyote ni bomba la breki la nyuma. Kwa asiyejua: ukikanyaga breki, oili husukumwa kwenda magurudumuni kupitia bomba la chuma lenye unene wa penseli. Likitoboka, mguu huzama hadi sakafuni na gari huendelea na safari yake. Bomba la gari la Matroni lilikuwa limeliwa na chumvi, na lilipofika juu ya ekseli ya nyuma, chuma kinachounganisha magurudumu mawili, lilikuwa limepinda ajabu. Lilikwenda pembeni, likapanda, likashuka, ndipo likaendelea, kana kwamba aliyelifunga alikuwa na bomba refu kuliko alivyohitaji. Katika kitabu, mchoro ulionyesha mstari ulionyooka. Nikakata bomba jipya kwa kufuata mchoro, nikalipitisha moja kwa moja juu ya ekseli. Lilinyooka kama limepigwa rula. Nilipomaliza nilibaki nikilitazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, na Chilumba akaniambia nikanunue fremu.

Jumamosi tukaenda Kilambo, Msimamizi na mimi. Gari lilikwenda na kurudi bila tone. Msimamizi alifungua daftari, akanigeuzia, nikaweka saini.

Jumatatu baada ya swala ya alasiri nilikwenda Shangani kumuaga Matroni na kumpelekea mfuko wa safari. Nilikuwa nimevaa kanzu. Nilikuta watu wengi barazani kuliko siku ya msiba. Ni desturi ya kwetu, na wasomaji wa Mtwara hawatashangaa: mtu akisikika anakwenda Dar es Salaam, kila mwenye ndugu huko huleta kifurushi. Korosho zilizobanguliwa, pweza mkavu, unga wa muhogo, nazi, mkeka, barua iliyoshonewa ndani ya mto. Mtu wa kawaida hupelekewa vifurushi vitano. Matroni aliyepokea watoto wa mji mzima alipelekewa vya mji mzima. Alikaa kwenye kiti na daftari la hospitali mapajani, akiandika jina la mtumaji, la mpokeaji na mtaa, kama anavyoandika uzito wa watoto. Msichana wa jirani alikuwa akivipanga ndani ya gari.

"Mama Matroni, vyote hivi vinakwenda?" nikamuuliza.

"Nikatae cha nani, Fundi? Hiki hapa ni cha mama yako. Korosho, kwa dada yako wa Temeke."

Nilikuwa sijui kwamba mama yangu naye ameleta.

Nina mazoea, kila nikisimama karibu na gari, kuweka vidole kati ya tairi na ukingo wa bodi juu yake. Siku ya Jumamosi vilipita vidole vinne na nafasi ikabaki. Sasa kilipita kimoja kwa shida. Springi zilikuwa zimelala, na Matroni alikuwa bado hajapanda. Nikasimama pale, na mara nikakumbuka lile bomba la zamani lililopinda ajabu, nikaelewa lilikuwa linakwepa nini.

Nikalala chini na kanzu yangu.

Sikuhitaji tochi. Gari likibeba mzigo bodi hushuka, na ekseli huwa kama imepanda kuifuata sakafu. Ilikuwa imelifikia bomba langu lililonyooka na kuliegemea. Nilimwomba msichana akae kwenye ukingo wa buti na kuinuka, na kila alipokaa nilisikia chuma kikigonga chuma. Kwenye bomba palikuwa tayari na alama inayong'aa, ndogo, kama ya kucha. Pale barazani ilikuwa alama tu. Kwenye mashimo ya Kiranjeranje ingekuwa tundu kabla ya chakula cha mchana, na baada ya hapo kuna miteremko.

"Fundi," sauti ya Matroni ilitoka juu, "umekuja kuniaga mimi au kuliaga gari?"

Nikatoka. Kanzu ilikuwa na oili kifuani.

"Mama, gari haliko tayari."

"Juzi uliweka saini."

"Niliweka. Nililipima likiwa tupu. Bomba la breki nimelipitisha pabaya, na likiwa na mzigo litakatika."

Alinitazama, nadhani, kama alivyowatazama wauguzi wanafunzi. Kisha akauliza swali moja tu. "Siku ngapi?"

"Moja."

"Basi ile siku yangu ya akiba umeila wewe."

"Ndiyo, Mama."

Jirani mmoja alisema vifurushi vishushwe, mama aondoke na mizigo yake tu. Matroni hakugeuka. "Nani atamrudishia mwenzake kifurushi mkononi? Wewe?" Hakuna aliyejitolea. Na hata vikishushwa, nikamweleza, mizigo yake mwenyewe na shimo moja refu vinatosha kuifikisha bodi palepale.

Nilimkuta Chilumba karakana akifunga zana zake. Nikamweleza. Alifikiri, akaniambia kwa sauti ya chini, na najua aliniambia kwa nia njema: "Funga kipande cha tyubu hapo panapogusa. Kitazuia. Mama ataondoka alfajiri, barua itakwenda asubuhi. Likifika Rufiji, pana mafundi."

"Na raba ikikatika kabla ya Rufiji?"

"Hapo ndipo sijui," akasema. "Saini si yangu."

Kwa dakika chache nililifikiria wazo hilo kwa makini, na sitawaficha wasomaji. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, nilikuwa nimengoja daraja hilo miaka mitano, na kipande cha tyubu kilikuwa palepale kwenye meza. Kisha nikaenda nyumbani kwa Msimamizi.

Alikuwa uani akinyoosha waya wa banda la kuku. Alinisikiliza bila kuacha kunyoosha. Nilipomaliza akauliza, "Umekata saini?"

"Bado."

"Twende ukakate kwanza. Kazi itafuata."

Tulikwenda kwa miguu. Akafungua ofisi, akafungua daftari, akanipa rula na kalamu yake mwenyewe. Katika daftari lile hapakuwa na saini iliyowahi kukatwa. Nilipiga mstari mmoja juu ya jina langu, na pembeni nikaandika sababu kwa maneno aliyonitajia: bomba la breki limefungwa vibaya na fundi, gari lilipimwa bila mzigo.

"Jina lako lilikuwa kwenye barua ya kesho," akasema.

"Nilidhani hivyo."

"Siwezi kupeleka jina lililokatwa leo."

"Naelewa, Bwana Msimamizi."

Alifunga daftari. "Mimi nilikaa kiti cha mbele hadi Kilambo na kurudi," akasema, "na sikuuliza mizigo iko wapi. Andika na hilo." Nikaliandika. Kwenye ukurasa ule kuna makosa mawili, langu na lake, na yote yako kwa mwandiko wangu.

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi Matroni alilileta gari karakana polepole likiwa na vifurushi vyote ndani, kama nilivyomwomba. Akachukua kiti, akakaa kivulini na daftari lake. Tuliliinua kwa jeki chini ya ekseli, si chini ya bodi, ili uzito ubaki juu ya springi na nione kila kitu kama kitakavyokuwa barabarani. Msimamizi alifungua stoo akanipa kipande cha mwisho cha bomba la breki. Nilichukua lile la zamani, lililoliwa na kutu, nikaliweka kando na kulipinda jipya kwa kulifuata, kona kwa kona. Kila kona ilikuwa na sababu yake. Chilumba, ambaye jina lake lilikuwa limetoka kwenda kwa Mhandisi wa Mkoa saa mbili asubuhi hiyo, alivua shati akaongeza jani moja la chuma kwenye springi za nyuma kila upande, kutoka gari lililokufa siku nyingi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Tuliongeza upepo kwenye matairi ya nyuma. Tulishusha taa za mbele, kwa sababu gari lenye mzigo nyuma humulika minazi.

Kisha kutoa hewa. Bomba likishafunguliwa, hewa huingia kwenye oili, na breki huwa laini kama godoro. Lazima mtu mmoja akae ndani akanyage na kuachia wakati fundi yuko gurudumuni akifungua na kufunga nati ndogo inayotoa hewa. Matroni alikataa mtu mwingine akae kwenye kiti chake.

"Kanyaga, Mama. Shikilia. Usiachie. Usiachie bado. Haya, achia. Pumua. Tena, kanyaga."

"Miaka ishirini na tatu nimewaambia wanawake wenzangu maneno haya," akasema kutoka ndani. "Sikujua yanachosha namna hii kuambiwa."

Karakana nzima ilicheka, na Msimamizi naye, kwa sauti yake ileile ndogo.

Mchana tulikwenda Kilambo mara ya pili. Matroni aliendesha, Msimamizi alikaa mbele, mimi nilijibanza nyuma kati ya nazi na pweza mkavu, na korosho za mama yangu zilikuwa mapajani. Tulipofika ukingoni nililala chini. Kati ya bomba na ekseli palipita vidole viwili, na tulipomweka Msimamizi juu ya buti vikapita bado viwili. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri mtumbwi alimuuliza Matroni kama anahamia Msumbiji. "Nahamia Moshi," alijibu, "lakini fundi wangu anataka nipite kwanza huku."

Tuliporudi, niliweka saini ya pili chini ya ile niliyoikata. Jumatano alfajiri aliondoka.

Sikuwa na amani kuanzia Jumatano hadi Jumatatu iliyofuata. Siku zile hakukuwa na simu za mkononi. Niliwauliza madereva wa malori waliofika bandarini kama wameona gari dogo la rangi ya maziwa, wakanijibu wameona pantoni ikiwa na foleni. Jumamosi, saa ambazo ndoa hufungwa, nilikuwa nikiosha gia na sikumbuki ni ya gari gani. Jumatatu tarishi wa posta alileta simu ya maandishi iliyoandikwa kwa Karakana. Msimamizi aliisoma, akanipa. Ilisema: NIMEFIKA IJUMAA. VIFURUSHI VYOTE SALAMA. BREKI PIA. AIKARUWA.

Kipo mpaka leo, kile kikaratasi, ndani ya daftari langu la kumi na moja.

Siku hiyohiyo alasiri Msimamizi alichukua rula na kupiga mstari mpya katika kila ukurasa mweupe uliobaki wa Daftari la Safari. Kati ya "kilichofanyika" na "tayari kwa safari" akaongeza nafasi ndogo, akaandika juu yake: mzigo. Tangu hapo hakuna gari lililoandaliwa pale likiwa tupu. Mwenye gari aliambiwa mapema akusanye vifurushi vyake na abiria wake na kuvileta. Watu walinuna mwanzoni. Baadaye uani pa karakana pakawa kituo cha kuagana, na waliotaka kutuma kitu walikileta palepale, kikapimwa pamoja na gari.

Daraja la kwanza nilipata baada ya mwaka mmoja na nusu. Chilumba, aliyekuwa mkubwa wangu kwa muda huo, ndiye aliyependekeza jina langu.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza nilihamia kitengo cha usafiri cha bandari, chini ya Mhandisi wa Mitambo, mwanamke kijana kutoka chuo kikuu ambaye siku ya kwanza aliniuliza nimesoma wapi. Nilimwonyesha madaftari. Alikaa nayo siku tatu, akanirudishia na masahihisho ya kalamu nyekundu katika kurasa sita, yote ya haki, na akaniomba niwafundishe wengine. Nilifanya kazi na mashine kubwa za kubeba makontena na malori ya msimu wa korosho, na huko nako sikukubali kutia saini mtambo uliopimwa bila uzito. Mhandisi alinitania kwamba nina ugonjwa. Halafu akaliweka sharti hilo katika fomu zake, zilizochapwa kwa kompyuta.

Nilikuwa bado bandarini siku Msimamizi wangu wa zamani alipostaafu. Alikuja kwangu Chikongola Jumapili moja asubuhi, akiendesha gari lake dogo lenye umri karibu sawa na la Matroni. Nilikuwa barazani nikinywa chai. Sauti ya springi niliitambua kabla sijainua macho. Kiti cha nyuma kilijaa masanduku hadi kwenye paa, juu ya paa palifungwa kitanda na baiskeli, na mke wake alikaa mbele na jogoo ndani ya kikapu.

"Nakwenda Tanga Alhamisi," akasema. "Nimeleta na mzigo."

Nilimwambia asubiri nibadili nguo. Nilifanya kazi siku tatu. Alipotaka kujua kama atie mkono, nilimwomba akae kivulini. Hatukuwa na Daftari la Safari, hivyo nilitoa ukurasa katika daftari langu, nikapiga mistari yote kwa rula, ikiwamo ile ya mzigo, nikaweka saini na kumkabidhi. Aliusoma kuanzia juu hadi chini, akaukunja, akautia mfuko wa shati. Mtu aliyenifundisha kazi alivuka Rufiji kwa karatasi yangu, na kwa kipimo changu hicho ndicho cheo cha juu nilichowahi kupewa.

Niliacha kazi kwa hiari nilipofika miaka hamsini na mitano. Mgongo ulikuwa umelala chini ya magari vya kutosha. Siku hizi mto una daraja, barabara ni ya lami karibu yote, na vijana wanaondoka Mtwara asubuhi wakala chakula cha usiku Dar es Salaam bila kuagwa na mtu. Hilo ni jema na sitamani pantoni irudi. Lakini magari madogo ya zamani bado yapo, chumvi ipo, na watu wa kwetu hawajaacha kutuma korosho.

Mwezi uliopita binti wa kaka yangu, mwalimu wa sekondari, alisimamisha gari lake mbele ya nyumba. Ni gari dogo, la mkono wa tatu, alilolitunza vizuri. Alikuwa anakwenda Morogoro kesho yake.

"Baba mdogo, naomba uniangalizie kidogo. Fundi wa mjini amesema liko safi."

Niliweka vidole juu ya tairi la nyuma. Vilipita vinne.

"Unakwenda peke yako?"

"Na watoto. Na mama. Na vitu vya watu, unajua tena."

"Viko wapi?"

"Nyumbani. Nitavipakia usiku."

"Kavilete sasa," nikamwambia, nikaenda kutafuta nguo za kazi.